Mshahara wa baba: nani nyumbani anapaswa kuujua wote?

Baba Mapacha wa Katuba

Jambo kwenu wote. Mimi ni fundi wa malori hapa Lubumbashi, kampuni yetu inapeleka mizigo Kasumbalesa na kurudi. Nina mke na watoto watano: msichana mkubwa yuko darasa la tano la sekondari, mdogo wake wa kiume yuko la pili, mapacha wako shule ya msingi, na kitinda mimba bado yuko mgongoni. Nalipwa dola 430 kwa mwezi. Hiyo namba nimeiandika makusudi, maana nyumbani kwangu hakuna hata mtu mmoja anayeijua. Ninyi ndio wa kwanza.

Mke wangu anajua ninachompa, basi. Nikishapokea, nampa makuta, yaani pesa, ya chakula. Nyumba nalipa mwenyewe, masomo nalipa mwenyewe, na kinachobaki ni changu kukipanga: ndugu, vilio, tairi ya pikipiki, bia moja ya Simba na wenzangu Jumamosi jioni. Yeye naye anauza vitumbua asubuhi mbele ya lango. Baba yangu aliishi hivyo, wenzangu wa garaji wote wanaishi hivyo. Mfuko wa mwanaume hauhesabiwi, ndivyo tulivyokua. Na ilitembea vizuri miaka mingi, mpaka dola ilipoanza kushuka.

Kwa mlio nje ya Kongo: wengi wetu hapa tunalipwa kwa dola lakini tunakula kwa franka. Zamani franka ndiyo iliyokuwa ikishuka, kwa hiyo mwenye dola alikuwa anapumua kidogo. Kila ukienda kwa kambisti, yule anayebadilisha pesa, unarudi na bunda nene kuliko la mwezi uliopita. Katikati ya 2025 dola moja ilikuwa inapita franka 2800. Mwezi wa tisa ikaanza kuteremka, mwezi wa kumi ikawa chini ya 2500. Redioni wakashangilia kwamba franka imepata nguvu, na kwa mwalimu anayelipwa franka ni habari njema kweli, simwonei wivu. Lakini dola mia niliyokuwa nikitenga kwa chakula ilipoteza zaidi ya franka elfu thelathini, na unga sokoni haukushuka hivyo. Ukimuuliza mwenye duka anakujibu kwamba mali hii aliinunua dola ikiwa juu. Akiinunua dola ikiwa chini, sijui atajibu nini, nitawaambia.

Nyumba nayo ni dola 80, jana na leo. Shule ya msichana inaandika masomo kwa dola, ukipeleka franka wanahesabu kwa kiwango chao wenyewe. Mapacha wako shule ya serikali, huko tangu mwezi wa tisa 2019 masomo ni bure, ila viatu, madaftari na ile nguo ya bulu na nyeupe haviletwi na serikali. Na dola yenyewe si kila dola. Noti ikiwa na kachaniko kadogo pembeni, kambisti anaiinua juani, anaigeuza, anaikunjua kwa kidole gumba kama daktari anayefunua kope, halafu anakurudishia au anakukata. Mwezi uliopita noti yangu moja ya mia ilikatwa hivyo.

Sasa fikirini mke aliyezoea kupokea bunda fulani la franka, halafu bunda likapungua, na mume hasemi kitu. Wangu alihesabu, akanyamaza siku mbili, siku ya tatu akaniuliza kwa upole kabisa kama nimefungua biro ya pili. Yaani nyumba ndogo! Mimi ambaye nikitoka garaji mikono inanuka dizeli mpaka Jumapili.

Nilimweleza habari ya kiwango cha dola. Aliitikia, lakini sikuona kama ameamini, na ningekuwa yeye nisingeamini pia: utamwonyeshaje mtu kwamba sehemu imepungua kama hajawahi kuona zima? Ndipo nikaanza kuwaza kuleta karatasi ya mshahara nyumbani na kuiweka mezani.

Kinachonizuia si mke. Ni mlango. Mama yangu yuko Likasi, nina wadogo zangu, nina mashemeji wanne, na kila mmoja ana sababu nzuri. Leo nikisema sina, sina. Siku namba ikijulikana, neno "sina" litaonekana ni choyo.

Na watoto je? Kuna jambo lililonitokea. Mke wangu aliposafiri kwa kilio Kipushi, nilimwachia msichana makuta ya chakula ya juma zima. Nilitegemea atayamaliza Alhamisi. Nilimkuta uani amechuchumaa, amemimina mifuko midogo ya makala, yaani makaa, ile tunayonunua mmoja kila siku, ndani ya beseni, mmoja baada ya mwingine, anaandika nyuma ya daftari la hesabu ni mabeseni mangapi yanajaza gunia. Akanionyesha kwamba kwa kununua kidogo kidogo tunalipa karibu gunia moja na nusu kila tunapochoma gunia moja. Hakuna aliyemtuma. Nilimtazama, nikaona huyu mtoto ninamficha nini?

Kwa hiyo swali langu kwa wazazi wenzangu: mke aambiwe yote au sehemu? Watoto wakubwa je? Ndugu mnawafanyaje? Na mnaandika mahali au mnabeba kichwani?

Mwana Kolwezi

Yaya, kaka yangu, mi sikubali. Bibi akijua yote, mama yake anajua yote, bashemeji bote banajua yote. Kesho asubuhi iko mtu ku mulango, ameleta kuku moja, anaomba dola mia. Mi nalipwa ku mine, bibi yangu anajua nusu, na tuko muzuri. Ile nusu ingine ndiyo inajenga kiwanja. Siku nyumba itasimama, ataiona kwa macho, atajua makuta yalikuwa wapi.

Ila ile ya beseni ya makala, huyo mtoto umupeleke asome hesabu, usimufunge ku jikoni.

Mama wa Unga, soko la Kenya

Papa Mapacha, unisamehe nikikuambia wazi: mke wako anajua. Labda si namba kamili, lakini anajua kuliko unavyofikiri. Mimi nauza unga hapa Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, mwaka wa kumi na zaidi, na bila kuuliza mtu nakuambia kampuni gani imelipa. Siku ya mshahara wanaume wanakuja wenyewe, wananunua gunia zima la kilo 25, hawaulizi bei mara mbili. Juma la pili anakuja mama, anauliza bei. Juma la tatu anatumwa mtoto na kikopo, anataka kipimo kimoja. Juma la nne mtoto yuleyule anasimama mbali kidogo, anangoja wateja waondoke ndipo aseme "mama amesema atalipa." Hiyo ndiyo karatasi yako ya mshahara, inatembea mtaani kwa miguu.

Sasa nije kwenye makala. Msichana wako ana akili, Mungu ambariki, lakini hesabu yake ina shimo. Umesema mke wako anauza vitumbua asubuhi. Vitumbua vinaiva kwa makala gani? Saa kumi alfajiri mnalala, yeye amewasha jiko lake la mbabula. Juma lile alikuwa Kipushi, kwa hiyo mtoto alihesabu makala ya bukari, yaani ugali, na mboga tu. Hesabu tena mama akiwepo, utaona gunia linakwisha upesi zaidi.

Na hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kitu. Umetuandikia mshahara wako mpaka senti, umetuandikia nyumba, masomo, tairi, hata bia. Mapato ya vitumbua hukuyaandika. Unayajua? Unga, mafuta na sukari ya vitumbua vinatoka kwenye makuta unayompa, au ana mtaji wake? Maana kama vinatoka kwenye makuta ya chakula, ulipopunguza bunda hukupunguza bukari peke yake, ulikula na mtaji wa biashara yake. Ndiyo maana alikaa kimya siku mbili. Alikuwa anapiga hesabu ambayo wewe huioni.

Mimi pia nina kamfuko kangu ambako baba watoto hakajui, sitadanganya watu hapa. Basi msijifanye ni wanaume tu wanaoficha. Nyumba nyingi za hapa zina hesabu mbili, ya baba na ya mama, na watoto wanakula kutoka zote mbili bila kujua.

Jambo la mwisho, hili ni la biashara. Acha kupanga kwa mwezi. Chakula cha Lubumbashi kinafuata mvua. Unga wetu mwingi unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, unapaona kila siku wewe. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu mahindi ya zamani yanakwisha, mapya bado yako shambani, bei inapanda. Mwezi wa nne, wa tano, mahindi yanaanza kuingia, bei inalegea. Na Wazambia wakipata ukame, kama ule wa 2024 ambapo serikali yao ilitangaza janga la taifa mwezi wa pili, wanabana mahindi yao na sisi tunalia. Mwenye akili ananunua mahindi ya punje yakiwa chini, anakausha vizuri, anaweka, anapeleka kwenye mashine ya kusaga kidogo kidogo. Lakini ili ununue magunia kadhaa kwa mpigo inabidi makuta ya baba na makuta ya mama yakutane mahali pamoja. Ukiwa na lako na yeye ana lake, wote wawili mtakuja kwangu na kikopo. Mimi sina neno, ndiyo faida yangu.

Mstaafu wa Ruashi

Mwanangu Baba Mapacha, nimesoma pale uliposema baba yako aliishi hivyo. Acha nikueleze kwa nini baba yako aliweza, maana nadhani alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kama mimi, au baba yake alikuwa Union Minière, ile ya Wabelgiji iliyoitangulia.

Niliingia kazini 1974, Likasi, viwanda vya Shituru. Mshahara wangu mke wangu hakuujua, na hakuhitaji kuujua. Kila mwezi kampuni ilitoa posho: unga na vyakula vingine, kwa kipimo cha familia. Mtoto akizaliwa unamwandikisha, posho inaongezeka. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mtoto akiumwa, hospitali ya kampuni. Shule, ya kampuni. Wake zetu walikwenda foye sosiali kujifunza kushona na kupika. Mwanaume akinywa mshahara wake wote, bado bukari ilikuwa mezani jioni, kwa sababu aliyelisha familia alikuwa kampuni. Ule ubaba wa mfuko uliofungwa ulisimama juu ya gunia la posho. Vijana mmerithi mfuko, gunia hamkulirithi.

Mwaka 1986 tulitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, 1991 mji ukaporwa, na baada ya hapo shaba ikaanguka mpaka ikawa kidogo sana. Posho ikakatika. Mishahara ikachelewa, mwezi, miezi, halafu miaka. Na ndani ya nyumba tulikaa tukitazamana, kwa sababu hatukuwa na desturi ya kuzungumza makuta na wake zetu. Waliotuvusha ni wao. Wangu alilima nje ya mji, akauza mboga ya lengalenga na matembele, jirani yake alipika lutuku, ile pombe kali. Asubuhi mama anatoka na kapu, baba amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba na kaptula, anasubiri habari kutoka ofisini. Watoto waliona. Usifikiri watoto hawaoni.

Mwaka 2003 wakatulipa tuondoke, tukaondoka zaidi ya elfu kumi. Kila mtu akapewa fungu lake kwa mara moja, makuta ambayo hajawahi kuyashika maishani. Wengi walinunua gari la mtumba wafanye teksi, bila kushauriana na mtu, na gari likafa kabla ya Krismasi. Wapo waliokwenda nyumbani, wakaweka lile fungu mbele ya mke. Mmoja wao, jirani yangu wa Ruashi, mke wake alimwambia tununue kiwanja na mashine ya kusaga. Ile mashine imezeeka lakini bado inasaga. Nikipita nasikia kelele yake.

Kwa ndugu, sisi wazee tulikuwa na njia: ndugu humwambii "sina", unamwambia "ngoja nizungumze na mama watoto." Lakini hiyo inafaa kama kweli unazungumza naye.

Mama Furaha wa Kadutu, Bukavu

Kaka yangu, salamu kutoka Bukavu. Mimi ni mwalimu, mume wangu ni fundi mbao, na kwetu jambo la ndugu mlangoni tulilimaliza kwa AVEC. Najua Lubumbashi mnacheza likelemba, ambapo kila mtu anatoa na mmoja anabeba zote kwa zamu. AVEC ni kitu kingine kidogo. Tuko wanachama kama ishirini na tano, tunakutana kila juma. Kila mmoja ananunua hisa, angalau moja, zisizozidi tano, na kila hisa inapigwa muhuri kwenye kitabu chake mbele ya wote. Makuta yanaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu, sanduku liko kwa mtu wa nne. Kuna na mfuko mdogo wa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na vilio. Anayehitaji anakopa, anarudisha na faida, na mwisho wa mwaka tunagawana, kila mtu kwa hisa zake.

Sisi tumepanga mgawo uangukie mwezi wa nane, kwa sababu mwezi wa tisa shule zinafunguliwa na nyumba yoyote yenye watoto inakuwa uchi. Benki zilipofunga milango huku kwetu mwezi wa pili 2025, sanduku lile ndilo lililobaki, na nyumba nyingi zilishikwa na vikundi kama chetu.

Kuhusu siri, kaka, mimi nimeona kwamba kuficha si lazima, kufunga kunatosha. Shemeji akija, simwambii sina. Namwambia makuta yapo, yako ndani ya sanduku, funguo ziko kwa watu watatu, na mmoja ni mzee wa kanisa. Anakunywa chai, anaenda. Hakasiriki, kwa sababu hata yeye ana AVEC yake.

Watoto wangu wanahesabu mihuri kwenye kitabu. Yule mdogo anapenda kile kitabu kuliko cha shule, ambalo ni tatizo lingine.

Mwana UNILU

Nasoma sheria UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, naongeza kidogo tu. Ile Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria. Marekebisho ya 2016 yaliondoa jambo hilo. Mume bado anaitwa kiongozi wa nyumba, lakini sasa sheria inataka mume na mke wakubaliane kwa kila tendo la kisheria linalowafunga. Kwa hiyo yaya wa Kolwezi, kiwanja unachojenga kwa "nusu ingine", ukiwa umefunga ndoa kisheria, uangalie vizuri mlichagua mali ya pamoja au ya kutengana. Inawezekana tayari ni cha bibi pia na hajui tu.

Na mkihama nyumba, mkumbuke sheria ya mwisho wa 2015: dhamana ya nyumba ya kuishi haitakiwi kupita miezi mitatu. Najua wenye nyumba wa mji huu wanadai nini. Nasema sheria.

Mwana Kolwezi

Leki, mudogo wangu, ulitumwa na bibi yangu?

Baba Mapacha wa Katuba

Aksanti wote, hasa Mzee na Mama wa Unga. Ndiyo Mzee, baba alikuwa Gécamines, garaji ya Likasi. Lile gunia nalikumbuka, lilikuwa linakaa nyuma ya mlango wa jikoni na sisi watoto tulikuwa tunalipanda.

Nimefanya. Jumapili baada ya misa, tulipomaliza kula, nilituma wadogo nje, nikabaki na mke, msichana na mvulana. Nikaweka karatasi ya mshahara mezani. Mke wangu hakuisoma kwanza. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga na kadaftari kamefungwa kwa mpira. Kumbe yeye anaandika! Mtaji wa vitumbua ni wake, Mama wa Unga ulipiga palepale: sukari na mafuta ananunua kwa faida yake, lakini unga na makala vilitoka kwenye makuta ya chakula. Dola iliposhuka akawa anajaza pengo kwa mtaji. Viatu vya mapacha mwezi wa tisa alinunua yeye. Maji analipa yeye. Nilikuwa nafikiri maji yetu ni ya bei nafuu.

Halafu akaisoma karatasi yangu. Unajua alichosema? "Nilidhani ni 500." Mvulana akacheka mpaka akatoka nje.

Tuliyokubaliana ni haya, na msichana ndiye aliyeandika. Makala ni gunia, si kamfuko, na makala ya vitumbua yanalipwa na vitumbua. Msichana alirudia hesabu yake ya beseni na safari hii mama yake alimsahihisha. Sukari na mafuta vinabaki kwake. Maji nachukua mimi. Makuta ya chakula sasa tunayataja kwa vyakula, unga kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, samaki mara ngapi, ili dola ikipanda au ikishuka tujue kilichoongezeka au kilichokosekana ni nini, tusianze tena habari za biro. Bia ya Jumamosi imebaki. Ilitetewa na mke wangu mwenyewe, na sijui kama ni upendo au anataka Jumamosi jioni yake.

Kwa ndugu tumeweka mfuko wa kilio na ugonjwa, kiasi kilekile kila mwezi, na anaushika yeye. Mama yangu wa Likasi ana sehemu yake kando, hiyo haiguswi, na aliyelipendekeza hilo ni mke wangu, si mimi. Shemeji mmoja tayari amekuja juzi. Aliongea na dada yake uani kwa sauti ya chini muda mrefu, mimi nikajifanya natengeneza pikipiki. Alipoondoka alinipungia mkono kama kawaida.

Tulichoshindwa kukubaliana ni watoto. Mimi nilifikiri ni vizuri wamejua. Mke wangu anasema msichana sawa, lakini mvulana bado ni mdogo, sasa anatembea na namba ya 430 kichwani na ana marafiki. Na kweli jana aliniuliza kwa nini tairi ya pikipiki ni ghali kuliko kiatu chake alichoomba. Sikuwa na jibu zuri. Msichana naye ameandika chini ya karatasi mstari wake mwenyewe: makuta ya mtihani wa taifa, mwaka kesho, na akatuuliza yataanza kuwekwa lini. Nilisema mwezi wa tisa. Akasema wa tatu. Tumeandika wa tatu.

Mama Furaha, habari ya AVEC nimeipeleka garaji, wenzangu wanabishana nani atashika funguo. Mama wa Unga, swali moja: mahindi ya punje, magunia manne, tunaweza kupanga na wewe?

Mama wa Unga, soko la Kenya

Mnaweza. Subirini mwisho wa mwezi wa nne, msije mapema, ya mwanzo yana maji na yataoza nyumbani kwenu. Mje na magunia yenu, ya kwangu nauza. Na usije peke yako, uje na mama. Wewe nikikuona na ovaroli ya kampuni nitakupandishia bei.